Kufunga na kutumia nukta nyekundu kwenye gobori

Babu yangu wa Sikonge alikuwa na gobori, na kazi pekee niliyoruhusiwa ilikuwa kumshikia mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti na risasi. Sasa naishi Utah, Marekani. Kila mwisho wa Septemba napanda mlimani na gobori la kiwandani, mtutu wa .50 (tundu la nusu inchi), kumtafuta kulungu wa huku, yule mwenye masikio kama ya punda.

Tangu 2024 Utah hairuhusu darubini inayokuza juu ya bunduki katika msimu wa kuwinda kwa gobori. Ndiyo maana langu nimelifunga kilengeo cha nukta: kioo kisichovuta kitu karibu, chenye nukta moja ya mwanga mwekundu ndani. Jirani zetu wa Colorado hawaruhusu hata hicho msimu huo, kwa sababu kina betri. Soma kanuni za jimbo lako, tena za mwaka huohuo, kabla hujatoa hela.

Chagua kilichofungwa pande zote mbili kwa kioo. Vile vya wazi hunasa theluji, matone na masizi pale mwanga unapotokea, na nukta inapotea wakati unaihitaji. Chukua nukta ndogo, ya MOA 2 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), ambayo kwa yadi 100 hufunika kama inchi 2. Ya MOA 6 itakufichia inchi 6 za mnyama, na humo ndimo risasi inamotakiwa kuingia.

Ukiiona nukta ina miiba kama nyota, usikirudishe dukani kwanza. Ipige picha kwa simu kupitia kile kioo. Ikitoka duara kwenye picha, tatizo liko jichoni mwako. Punguza mwanga, au vaa miwani yako.

Kabla ya kufunga, ingiza mdeki uhakikishe mtutu hauna kitu. Kisha futa mafuta kwenye skrubu na matundu yake, tia tone la gundi ya buluu ya skrubu, na ukaze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Mimi mwaka wa kwanza nilifungiwa na fundi wa duka, bila gundi. Asubuhi nzima risasi zikawa zinahama kulia, nami nazungusha tu marekebisho nikidhani ni mkono wangu. Nilipogusa kilengeo kwa kidole, kikacheza. Siku hizi nachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, najua imelegea.

Kupima shabaha kunataka subira. Tumia baruti nyeusi au mbadala wake aliouidhinisha mtengenezaji wa gobori lako. Baruti isiyo na moshi ya bunduki za kawaida usiitie kamwe, inapasua mtutu. Shindilia kila risasi hadi alama uliyoweka kwenye mdeki, uso wako ukiwa kando ya mdomo wa bunduki, na fataki ya kuwashia baruti iwe ya mwisho kabisa kuwekwa. Anza yadi 25, halafu 50. Kati ya risasi na risasi pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Kitambaa cha kwanza kitatoka cheusi tii, na masizi hayo ukiyaacha, risasi ya tatu haitafuata ya kwanza.

Piga tatu ndipo urekebishe. Kwa yadi 50, mbofyo mmoja wa marekebisho ya kilengeo (MOA 1) husogeza risasi nusu inchi. Zikipiga inchi 3 chini, panda mibofyo 6. Malizia yadi 100.

Porini, mtambue mnyama kwa darubini ya mkono, kamwe si kwa bunduki. Alfajiri shusha mwanga mpaka nukta ionekane kwa shida kidogo, maana ikiwaka sana inameza bega zima. Fumbua macho yote mawili, tazama mnyama, nukta itamfuata. Mimi sipigi kupita yadi 100. Kioo hakikuzi, na kulungu aliyejeruhiwa hutembea mbali kuliko miguu yangu.

Jioni futa kioo kwa kitambaa laini kabla masizi hayajakauka. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi ya mlimani huimaliza nguvu.