Somo: Safari ndefu ya baiskeli huanza na usiku mmoja

Wengi wanaotamani safari ndefu huanza kwa kukodolea macho ramani ya bara zima. Sisi tuanze na safari ya siku mbili, kulala mara moja, lakini umebeba mzigo uleule ambao ungeubeba kuvuka mpaka. Kasoro zijitokeze ukiwa bado karibu na nyumbani.

Hatua ya 1: Baiskeli. Si lazima iwe mpya. Iwe na fremu imara, keria isiyoyumba na gia nyepesi ya kupandia mlima. Kupima kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, magoti ndiyo yatakayokwambia.

Hatua ya 2: Mzigo. Begi la mgongoni liache. Tumia mifuko miwili ya pembeni, vizito vikae chini, uzito ulingane kulia na kushoto. Ukishafunga, itikise baiskeli kwa nguvu. Kinachogonga sasa kitagonga siku nzima. Thomas Stevens alipoondoka San Francisco mwaka 1884 kuizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, alichukua soksi, shati la akiba na koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema. (Na bastola, ila hiyo tusimwige.) Desemba 1886 alikuwa Yokohama, Japani. Kwa hiyo ile suruali ya tatu, itoe.

Hatua ya 3: Pancha. Jifunze kuziba kabla ya kuondoka. Toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa kuisogeza karibu na mdomo au kuizamisha majini. Ikauke, isugue kwa msasa, paka gundi. Sasa subiri! Kiraka kikibandikwa gundi ikiwa mbichi kitabanduka. Gundi ikianza kukauka na kunata kidogo tu, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba uliokutoboa mara nyingi bado umo humo, na utakutoboa tena baada ya kilomita mbili.

Hatua ya 4: Mwendo. Kilomita 50 hadi 70 kwa siku zinamtosha anayeanza. Kunywa kabla ya kiu, kula kabla ya njaa.

Hatua ya 5: Ng'ambo. Viza na pasipoti shughulikia mapema. Kwa ndege, baiskeli huingia kwenye boksi: geuza usukani, punguza upepo, ng'oa pedali. Pedali ya kushoto ina nyuzi za skrubu za kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungusha spana kufuata mwendo wa saa. Wengi huikaza wakidhani wanaifungua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, spoki zangu hukatika nyuma tu, tena upande wa mnyororo. Kwa nini?*
Gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi, na upande huo spoki hukazwa zaidi ili kupisha gia. Punguza mzigo wa nyuma na umpe fundi asawazishe mkazo. Beba spoki chache za urefu huohuo, uzifunge kwenye fremu.

*Kaka, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi nikiendesha muda mrefu.*
Dada, kiganja kinabana mshipa wa fahamu. Badilisha mshiko mara kwa mara, usikunje kifundo cha mkono. Angalia pia kiti: kikiinamia mbele, uzito wote unaishia mikononi. Ganzi isipoisha baada ya kupumzika siku kadhaa, muone daktari.

*Kwa safari ya kwanza ya nje, unapendekeza njia gani?*
Ya kando ya mto. EuroVelo 6, njia ya baiskeli ya Ulaya, inatoka pwani ya Atlantiki Ufaransa hadi Bahari Nyeusi, na sehemu kubwa hufuata mito, ikiwemo Loire na Danube. Usiimalize yote. Chukua kipande cha Danube kati ya Passau (Ujerumani) na Vienna (Austria), kama kilomita 300, ukiteremka na maji.