Mfanyakazi akiondoka na siri ya biashara yako: namna ya kuijenga kesi

Wasindikaji wengi wa asali hapa Tabora huja kwa wakili wakiwa na hasira. Kijana aliyesimamia manunuzi ameacha kazi, amefungua kiwanda chake, na wafugaji nyuki wa Sikonge sasa wanampelekea yeye. Hasira ni haki yako, ila mahakama inataka vitu vingine.

Hatua ya 1: Taja siri yenyewe. Tanzania Bara haina sheria moja mahsusi ya siri za biashara, hivyo tunaegemea mkataba na wajibu wa kutunza siri. Kipimo kizuri kiko kwenye Ibara ya 39 ya TRIPS, mkataba wa kimataifa wa haki miliki katika biashara: taarifa isiwe inajulikana kwa watu wa kazi hiyo, iwe na thamani kwa sababu ni siri, na uwe umechukua hatua kuilinda. Kuchuja asali kila mtu anajua. Daftari lenye wafugaji, bei ya kila mmoja na unyevu wa asali yake, hilo ni mali.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kwamba uliilinda. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Nani alikuwa na ufunguo wa kabati? Mkataba wa ajira una kifungu cha usiri, na kimesainiwa? Kama daftari lilikuwa wazi mezani pa mizani, wakili wa mdaiwa atang'ang'ania hapohapo. Ujumbe wa simu usifute, na simu yenyewe itunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi huo, lakini utaulizwa ulitunzwaje na nani aliuchapisha.

Hatua ya 3: Chagua mlango. Madai yanayotokana na ajira huenda yakatakiwa kuanzia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Muulize wakili kabla hujalipa ada.

Hatua ya 4: Omba mapema zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mdaiwa asiitumie siri wakati kesi inaendelea. Kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969 inadai mambo matatu: hoja nzito yenye dalili ya kushinda, madhara yasiyofidika kwa fedha, na kwamba wewe utaumia zaidi zuio likikosekana.

Hatua ya 5: Usiimwage siri kwenye hati ya madai. Andika "orodha ya wauzaji na bei zao", basi. Daftari likihitajika kusomwa, omba shauri lisikilizwe faragha.

Hatua ya 6: Kizimbani. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo ongea kama unavyoongea kazini. Hakimu huandika unachosema: tazama kalamu yake, ikisimama, endelea. Usiseme "ameniibia". Sema ulichokiona, lini, na nani alikuwepo. Kwenye maswali ya dodoso, yale ya wakili wa mdaiwa, jibu swali moja, kisha nyamaza. Ukiulizwa kama mdaiwa alikuwa mchapakazi, na kweli alikuwa, sema ndiyo.