Kupanga diski za seva ya nyumbani: anza na siku diski itakapokufa

Binamu yangu anayeishi Umoja, Nairobi, hupiga picha za harusi na ruracio (sherehe za mahari). Alikuwa na diski saba za nje kwenye droo, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene majina ya maharusi, na mbili kati yake zilikuwa zimeanza kulia tik, tik, tik ukiziunganisha. Tulitumia wikendi mbili kumjengea seva ya diski nne. Kufunga mashine na kuweka Debian, aina ya Linux, kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Kilichotukalisha mezani hadi chai ikapoa ni mpangilio wa zile diski.

"Kaka, nimelipia TB 16. Kwa nini unataka kunipa 8?"

Ni swali la haki, na nimeulizwa mara nyingi hivi kwamba nimeona niandike jibu lote. Ukijua kutumia terminali kidogo, utafuata bila shida.

Hatua ya 1: Pima unachohitaji

Harusi moja kwake, pamoja na video, ni kama GB 120. Harusi 30 kwa mwaka ni TB 3.6. Ongeza za zamani, ongeza mwaka mmoja mbele, basi. Kumbuka mambo mawili tu: diski ya TB 4 itaonekana kwenye kompyuta kama 3.6 kwa sababu ya namna mbili za kuhesabu, si kwamba umeibiwa. Tena usipange kujaza zaidi ya asilimia 80, maana ZFS, mfumo utakaopanga data kwenye diski hizi, ikibanwa nafasi huanza kwenda polepole.

Natumia ZFS. Nimejaribu kadi za RAID (za kuunganisha diski kadhaa ziwe hifadhi moja) za kuchomeka kwenye bodi, nimejaribu pia mdadm, programu ya Linux ya kazi hiyohiyo, na kwa seva ya nyumbani sitarudi huko. ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, kwa hiyo diski ikirudisha kitu kilichoharibika inajua, na kama kuna nakala nzuri kwingine inajirekebisha yenyewe. Kadi ya RAID ikikufa unaanza kutafuta nyingine ya aina ileile. Diski za ZFS unaweza kuzihamishia mashine nyingine yenye Linux na ZFS, ukaandika `zpool import` na jina la hifadhi, ukaendelea na kazi.

Hatua ya 2: Chagua mpangilio

Kwa diski nne za TB 4 una njia tatu za maana.

RAIDZ1, ndugu yake RAID 5, inakupa TB 12. Diski yoyote moja ikifa, data ipo. Ya pili ikifa kabla hujamaliza kubadilisha ya kwanza, umepoteza vyote.

RAIDZ2 inakupa TB 8. Diski mbili zozote zinaweza kufa.

Jozi mbili za pacha nazo zinakupa TB 8. Kila diski ina pacha wake mwenye data ileile, na jozi mbili zinafanya kazi kama hifadhi moja. Kwenye amri utaona neno `mirror`. Moja ikifa, hatari iko kwa pacha wake tu. Zile mbili za jozi nyingine, hata moja yake ikifa siku hiyohiyo, bado uko salama.

Kwa hesabu tupu RAIDZ2 inashinda: ukubwa ni uleule, na inavumilia vifo viwili vyovyote. Hata hivyo mimi huchagua pacha kwa nyumba nyingi, na sababu yangu inahusu siku ya kubadilisha diski.

Diski ya RAIDZ ikibadilishwa, seva lazima isome diski zote zilizobaki ili ikokotoe upya kilichopotea. Kama diski zako zilinunuliwa siku moja na zimezeeka pamoja, unazipa kazi nzito kuliko zote wakati ule mwenzao amekufa. Kwa pacha, seva inasoma diski moja na kuandika nyingine. Ni kunakili tu. Inaisha mapema, na nyumba nzima inaendelea kuangalia picha bila kuhisi.

Sababu ya pili ni pesa, na hii ndiyo iliyomgeuza binamu yangu. Nafasi ikijaa, na pacha unanunua diski mbili, si nne. Unabadilisha jozi moja, diski moja baada ya nyingine, kwa diski za TB 8, na hifadhi inakua. RAIDZ inaweza kuongezewa diski moja tangu OpenZFS 2.3 ya mwaka 2025, lakini kukuza kwa kubadilisha kunakudai ubadilishe zote ndipo uone nafasi mpya.

Kama huna nafasi ya kukaa karibu na seva, mfano unasafiri miezi mitatu, chukua RAIDZ2. Kama una diski sita au zaidi, RAIDZ2 pia ina maana, kwa sababu pacha zingekula nusu nzima. Lakini RAIDZ1 kwa diski kubwa za leo siwezi kumshauri mtu ninayemjali.

Hatua ya 3: Nunua diski, na hapa nenda polepole

Hatua hii ilinigharimu siku tano, kwa hiyo nitairefusha.

Kwenye seva yangu mwenyewe nilikuwa na RAIDZ1 ya diski nne. Moja ikafa. Nikakimbia mjini kabla maduka hayajafungwa, nikapata diski ya mtengenezaji yuleyule, TB zilezile, lebo ya rangi ileile. Ijumaa jioni nikaiweka, nikaandika `zpool replace`, nikaona inakwenda MB 120 kwa sekunde na imebakiza saa sita. Nikalala kwa amani.

Asubuhi ilikuwa MB 6 kwa sekunde, imebakiza zaidi ya siku nne. Saa sita mchana mfumo ukaitupa nje diski mpya kwa sababu imechelewa kujibu. Nikadhani ni waya wa SATA, nikabadilisha. Ikaanza upya, ikaenda kasi, ikazama tena. Nikabadilisha tundu kwenye bodi. Nikamwomba jirani pawa saplai yake. Mara zote ilikuwa hivyohivyo: saa chache za matumaini, kisha kuzama. Na muda huo wote diski tatu zilizobaki zilikuwa zimebeba picha za kaburi la baba, za watoto wakizaliwa, bila kinga yoyote.

Siku ya tano nikasoma lebo kwa tochi ya simu, herufi kwa herufi. Namba ya modeli ilitofautiana na zile za zamani kwa herufi za mwisho tu. Ilikuwa diski ya SMR. Nikaibadilisha kwa ya CMR, na kazi yote ikaisha kwa saa nane.

Fikiria mabati ya paa. Kila bati linalalia ukingo wa lililo chini yake, ndiyo maana mabati hayo yanafunika eneo kubwa bila kuvuja. Ila ukitaka kubadilisha bati la chini, huna budi kuinua yaliyo juu yake. Diski za SMR huandika mistari yake hivyo, ikilaliana, ili data nyingi ienee kwenye sahani ileile. Kubadilisha mstari mmoja ni kuandika upya ukanda mzima. Ili usilione tatizo hilo kila siku, diski hutenga sehemu ndogo ya kupokea maandishi haraka, kisha huyapanga baadaye ikiwa imepumzika. Ukinakili harusi moja huoni kitu. Ukijenga upya diski nzima, ile sehemu ya mapokezi inajaa, na mapumziko hayapo. Ndiyo maana nilikuwa napata kasi nzuri mwanzoni kila nilipobadilisha waya, na ndiyo maana nilizidi kudanganyika.

Diski za CMR huweka kila mstari peke yake. Kwa hifadhi ya ZFS, iwe pacha au RAIDZ, nunua CMR.

Utaijuaje? Mwombe muuzaji picha ya lebo kwenye WhatsApp kabla hujapanda matatu. "Boss, nitumie namba yote ya modeli, mpaka herufi za mwisho." Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, maana watengenezaji wakubwa sasa hutaja wazi ipi ni SMR. Usitosheke na jina la familia ya diski wala neno NAS (seva ya kuhifadhi faili) kwenye lebo, kwa sababu kuna familia zilizokuwa na aina zote mbili chini ya jina moja. Ukiwa nayo mkononi, endesha smartctl, programu ya kuiuliza diski habari zake (`sdb` ni jina la diski kwenye mashine yako):

`smartctl -i /dev/sdb`

Ukiona mstari wa `TRIM Command: Available` kwenye diski inayozunguka, karibu hakika ni SMR. Mstari huo usipokuwepo, bado thibitisha namba, kwa sababu si zote hujitaja. Diski ndogo za inchi 2.5 zenye TB 1 na zaidi nyingi ni SMR, na diski za nje zinazopasuliwa kasha ni bahati nasibu.

Diski ya SMR si takataka. Ile yangu ilipata kazi ya kuhifadhi nakala rudufu, peke yake, nje ya hifadhi, na inaifanya vizuri.

Kuhusu diski za mitumba za Moi Avenue na Luthuli: siwakatazi watu, ila omba iunganishwe kwenye mashine mbele yako kabla ya kulipa, kisha `smartctl -a`. Angalia `Power_On_Hours`. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ukiona 43,000 hiyo imefanya kazi karibu miaka mitano bila kulala. Angalia `Reallocated_Sector_Ct` (sekta zilizoharibika zikahamishwa) na `Current_Pending_Sector` (zenye shaka, zinazosubiri). Kwangu namba hizo mbili zikizidi sifuri nalishukuru duka na kuondoka. `UDMA_CRC_Error_Count` mara nyingi ni waya mbaya, hiyo unaweza kuisamehe.

Nunua kwenye maduka mawili tofauti, na katika kila jozi weka moja ya hapa na moja ya pale. Diski zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kuwa na kasoro ileile.

Hatua ya 4: Zitese kabla ya kuzipa picha

`badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb`

Amri hii inafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha ni diski mpya. Inaandika na kusoma diski nzima mara nne. Kwa TB 4 ni kama siku mbili na nusu, ndiyo sababu tulihitaji wikendi mbili. Endesha zote nne kwa pamoja, kila moja kwenye dirisha lake. Ikiisha, rudia `smartctl -a` ulinganishe. Moja ya binamu yangu ilitoka na sekta nane zinazosubiri, tukairudisha dukani Jumatano, ikabadilishwa.

Hatua ya 5: Jenga

Usitumie majina ya sdb na sdc. Hubadilika ukichomoa waya. Tumia majina ya `/dev/disk/by-id/`, yenye modeli na namba ya diski:

`zpool create -o ashift=12 hifadhi mirror ata-A ata-B mirror ata-C ata-D`

`zfs set compression=lz4 hifadhi`

Weka majina yako halisi badala ya hayo. `ashift=12`, ukubwa wa kipande ambacho ZFS huandikia diski, haibadilishiki baadaye, usiisahau. Kisha andika mwisho wa namba ya kila diski kwenye kipande cha karatasi na ukibandike mbele ya trei yake. Siku ya msiba utaambiwa jina, na utashukuru kuliona bila kuchomoa diski iliyo nzima.

Ukija kuongeza, soma amri mara mbili: `attach` inaipa diski iliyopo pacha, `add` inaongeza hifadhi upande mpya. Ukikosea `add` ikalalamika, usiilazimishe kwa `-f`.

Hatua ya 6: Stima

Kwa mtaa ambako stima hupotea na kurudi mara tatu kabla ya habari za saa moja, UPS, ile betri inayoshikilia mashine stima ikipotea, ni sehemu ya mpangilio wa diski. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, kwa hiyo hukatika stima bila hifadhi kuvurugika, lakini vyuma vyenyewe huumia na ile stima inayorudi kwa kishindo. Unganisha UPS kwa USB, weka programu ya NUT, iagize seva ijizime betri ikishuka. Kisha chomoa UPS ukutani ushuhudie inajizima kweli.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi ya msiba

Nakili folda moja. Zima mashine, toa diski moja, washa. `zpool status` itasema `DEGRADED`. Fungua picha, zitafunguka. Zima, rudisha diski, washa, utazame ikijaza ilichokosa. Nilimwachia binamu yangu afanye peke yake mimi nikikaa kwenye kochi. Alitoa trei sahihi kwa kusoma kikaratasi.

Debian hukagua hifadhi yote Jumapili ya pili ya kila mwezi. Wewe ukague matokeo Jumatatu.

Pacha hailindi faili uliyoifuta mwenyewe, wala mwizi aliyebeba seva nzima. Ile diski yangu ya SMR sasa iko Machakos kwa shangazi, kwenye kabati ya vyombo, ndani ya taulo. Tunaibadilishana na ya pili kila anapokuja Nairobi, na harusi zote za binamu yangu ziko humo.