Jinsi ya kukusanya upya kitabu kilichopotea: mfano wa Youming lu

Visa vya mizimu vya Youming lu, kitabu cha kale cha Kichina kinachohusishwa na Liu Yiqing (403–444), havina hata nakala moja kamili iliyobaki. Kilichopo ni nukuu ndani ya vitabu vya wengine. Ukitaka kuzikusanya, fanya hivi.

1. Anza na orodha za vitabu katika historia za nasaba za China. Ile ya nasaba ya Sui inakitaja kwa juzuu 20. Andika pia tahajia zote za jina lake: neno "ming" huandikwa kwa herufi ya nuru na pengine kwa herufi ya giza. Ukitafuta moja tu kwenye kompyuta, nyingine zitakupita.

2. Pekua ensaiklopidia za kale. Taiping yulan (983) hutaja chanzo mwanzoni mwa nukuu, Taiping guangji (978) mwishoni mwa kisa. Nakili kila kipande pamoja na namba ya juzuu.

3. Linganisha. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua kisa cha mto wa kulalia wa hekalu la Jiaohu. Katika Taiping guangji, mfanyabiashara Yang Lin anaingia kwenye ufa wa mto, anaoa binti wa mkubwa mmoja, anapata wana sita, wote makarani wa ikulu. Miaka inapita, kisha anazinduka yuko palepale kando ya ule mto wa kulalia. Nukuu nyingine inamwita Tang Lin: watoto ni wavulana wanne na wasichana wawili, na mwenye cheo ni yeye mwenyewe. Tena Taiping guangji inasema mto ni wa mti, "wengine husema wa jade". Mimi hapo nasikia mhariri aliyekuwa na matoleo mawili mezani.

4. Pima kisa ni cha mwandishi gani. Kuna kitabu kinachokihusisha na Soushen ji, mkusanyiko mwingine wa visa vya ajabu, wa Gan Bao, aliyefariki 336. Lakini kisa kinaanza kwa "zama za Song", nasaba iliyoanza 420. Ama chanzo kimekosewa, ama maneno hayo yaliongezwa baadaye. Hata Liu, aliyeishi ndani ya Song, asingeyahitaji sana.

5. Panga, usishone. Lu Xun, mwandishi wa China wa karne ya 20 aliyekusanya kwa njia hii vitabu 36 vilivyopotea, hutaja chini ya kila kisa alikokitoa. Chagua nukuu moja iwe msingi, tofauti ziandike pembeni, na vyenye shaka vipeleke kwenye kiambatisho.