Oili imepungua tangini? Usiongeze kwanza

Norton Commando, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, imesimama bandani wiki 3. Unachomoa kijiti cha kupimia oili, kikavu. Chini sakafuni hakuna hata tone. Aliyezoea Boxer au TVS atafungua kopo la oili papo hapo, na hapo ndipo balaa huanza. Oili haijapotea: imeteremka kutoka tangini ikatuama kwenye tumbo la injini, chini ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni).

Pikipiki za boda huweka oili tumboni siku zote, ndiko kwake. Commando haiko hivyo. Oili yake, kama lita 2.8, hukaa kwenye tangi la pembeni lililo juu kuliko pampu. Pampu yenyewe ina jozi 2 za gia. Jozi nyembamba huvuta oili ya tangini na kuisukuma kwenye kranki. Jozi pana hufyonza oili iliyodondoka tumboni na kuirudisha tangini. Kwa kuwa gia za kurudisha ni pana zaidi, injini inapozunguka tumbo hubaki karibu tupu, na bomba la kurudishia hutema oili iliyochanganyika na hewa.

Ukizima injini, kati ya tangi na tumbo kuna zile gia nyembamba tu, na gia si koki. Oili hupenya kati ya ubavu wa gia na bamba la pampu. Pampu ikiwa mpya upenyo huo ni kama hakuna. Ikichakaa au ikikwaruzwa na uchafu, oili hupita usiku kucha. Oili ya SAE 20W-50 ikiwa moto ni nyepesi, kwa hiyo huvuja kwa kasi zaidi mara tu baada ya kuzima.

Sasa fikiria umeongeza lita 2 tangini na kupiga kiki. Kwanza kiki yenyewe ni nzito. Injini ikiwaka, kranki inachapa oili iliyojaa, moshi wa bluu unatoka kwenye ekzosi, bomba la kupumulia linatapika, na gasketi zilizokuwa kavu zinaanza kuvuja. Sili ya kranki upande wa klachi inaweza kuachia, oili ikahamia kwenye boksi la cheni ya klachi, na klachi ikaanza kuteleza. Kisha pampu inarudisha oili yote na tangi linafurika.

Dawa ya siku hiyo ni rahisi. Weka beseni safi, fungua nati ya kumwagia oili iliyo chini ya tumbo (si ile ya giaboksi, wengi huzichanganya), mwaga yote, funga, kisha rudisha oili hiyo tangini kwa kuichuja kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Ikiwa nyeusi au ina chembe za chuma, tia mpya. Washa, acha injini izunguke polepole bila kupiga resi, na uchungulie mdomo wa tangi. Oili irudi kwa nguvu mwanzoni, kisha ianze kukohoa kwa mapovu. Baada ya dakika chache za kuwaka ndipo upime kwa kijiti. Kipimo cha injini iliyolala siku kadhaa hakina maana yoyote.

Kabla ya kuilaumu pampu, pima kwa chupa yenye alama za mililita. Toka barabarani injini ikiwa moto, zima, mwaga oili ya tumboni papo hapo. Kiasi cha kikombe cha chai, mililita 100 hadi 200, ni kawaida. Ukipata nusu lita, shida si kuvuja pikipiki ikiwa imelala. Oili hairudishwi vizuri injini ikifanya kazi: angalia chujio la tumboni, njia ya kufyonzea inayovuta hewa, au gia za kurudishia zilizolika. Kama kipimo hicho ni kizuri, iache pikipiki saa 24, mwaga tena upime. Kisha wiki nzima. Nusu lita kwa wiki unaweza kuvumilia. Nusu lita kwa usiku mmoja, fungua pampu uitoe.

Kuitengeneza kunahitaji subira kuliko vifaa. Weka alama kila kipande kabla ya kukitoa ili kirudi upande ule ule. Osha kwa mafuta ya taa. Bandika msasa wa maji namba 600 juu ya kioo kinene, tia oili kidogo, na usugue uso wa bodi ya pampu kwa mwendo wa kuchora namba 8, misuguo michache tu, kisha osha, unga, jaribu. Unatafuta hali hii: mhimili unazunguka kwa vidole kwa uzito kidogo ulio sawa mzunguko wote. Ukikwama sehemu moja, kuna chembe au meno yameumia. Usipozidiwa na haraka, utaacha kusugua mapema; ukizidisha, gia zitabanwa na hakuna wa kurudisha chuma. Fanya hivyo pande zote mbili, za kupeleka na za kurudisha.

Ukirudisha pampu kwenye injini, kaza nati zake kisha zungusha mhimili tena. Pampu iliyokuwa laini mezani huweza kubana ikikazwa. Badilisha pia sili ndogo ya mpira yenye umbo la koni iliyo kati ya pampu na kifuniko cha taiming (kile cha ubavuni mwa injini kinachoifunika pampu). Kifuniko kikiwekwa bila kukazwa kiache upenyo mwembamba, maana sili hiyo lazima ibanwe. Isipobanwa, oili ya kranki humwagika ndani na presha huanguka. Jaza pampu oili, toa plagi, piga kiki mpaka oili ionekane ikirudi tangini.

Kuna wanaofunga koki kwenye bomba linalotoka tangini. Koki huzuia kabisa, na siku ukisahau kuifungua, beringi za fimbo za pistoni zitakwisha dakika chache tu. Ukiing'ang'ania, unganisha swichi inayokata moto wa plagi mpaka koki ifunguliwe. Vali za gololi na springi za kuchomeka kwenye bomba hilo ni mbaya zaidi: pampu hufyonza kwa nguvu ndogo upande huo, na gololi ikinata hakuna dalili utakayoiona. Commando toleo la Mk III la 1975 ilitoka kiwandani na vali yake ndani ya kifuniko cha taiming, yaani baada ya pampu, mahali ambapo pampu husukuma badala ya kufyonza.

Kwa pikipiki za Triumph za pistoni 2 za zamani, usitafute gia. Pampu yake ni ya vijiti vinavyopanda na kushuka juu ya gololi, na mara nyingi kosa ni uchafu kwenye kikalio cha gololi. Fungua, osha, hakikisha gololi inaziba.