Kabla hujakimbilia kiwanja cha bei chee kando ya ziwa Mwanza

Bei za viwanja upande wa Igombe, Kayenze, Sangabuye na hata kule Luchelele, ukizilinganisha na za Isamilo au Capri Point unaweza ukadhani muuzaji kasahau sifuri. Hajasahau. Ziwa ni lilelile na upepo ni uleule, ila kuna vitu vimeishusha hiyo bei na dalali hatavitaja mpaka umbane, kwahiyo kabla hujatoa hata hela ya kuoneshwa kiwanja kazi yako ya kwanza ni kujua ni kitu gani kimeishusha, maana vingine ni usumbufu tu wa miaka miwili mitatu na vingine vinakula hela yako yote na hakuna wa kumlaumu.

Kwanza ujue kwanini watu wanasogea huko. Jiji la Mwanza lina wilaya mbili, Ilemela na Nyamagana. Sensa ya 2012 Ilemela ilikuwa na watu 343,001, ya 2022 wakawa 509,687. Nyamagana ilitoka 363,452 ikafika 594,834. Hiyo ni miaka kumi tu, na mjini penyewe panajulikana, Mabatini, Igogo na Bugarika nyumba zilishapanda mlima mpaka juu kwenye mawe, hakuna pa kuongeza hata banda la kuku. Kwahiyo watu wanamwagika pembeni, Buswelu, Buhongwa, Kisesa, Usagara, na wale wanaopenda maji wanafuata mwambao. Buswelu tangu manispaa ipeleke ofisi zake kule, wale waliokuwa wanaiita porini sasa hivi hawana hamu, bei imewakimbia. Hiyo ndo hadithi ambayo dalali atakupigia Igombe, kwamba "mkuu chukua mapema, hapa ni Buswelu ya kesho". Inawezekana ikawa kweli. Ila Buswelu ilipata ofisi, we muulize Igombe inapata nini na lini, halafu msikilize anavyojibu.

Jambo ambalo watu wengi hawaliangalii kabisa ni majirani. Mtu anapima kiwanja, anapiga picha ziwa, hajui anaenda kuishi na nani. Mwambao wa Mwanza ni mchanganyiko, Wasukuma wapo, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wahaya, Wajaluo, Wakurya, na wengi walifuata samaki. Sasa uvuvi wa dagaa unaenda na mwezi. Wanavua usiku wa giza kwa taa, mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu au wanaenda makwao. Ukitaka kuujua mtaa wa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, nenda mara mbili, nenda siku za giza na nenda siku za mbalamwezi, utadhani ni sehemu mbili tofauti. Siku za giza asubuhi kuna fujo ya ndoo na mizani, mama lishe chapati zinaisha saa mbili, boda wamejaa, dagaa wameanikwa kila palipo wazi na harufu inaingia mpaka chumbani (wenyewe hawaisikii tena, wewe wa Nyamanoro utaisikia). Siku za mbalamwezi mama lishe yuleyule kakaa na kanga yake anapiga stori, duka linakopesha kwa daftari.

Hii ina maana kubwa kwa anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha. Mpangaji wa mwaloni hakulipi kama mtumishi wa serikali anayesubiri tarehe ya mshahara, anakulipa kukiwa na dagaa, na samaki wakihamia upande mwingine wa ziwa na yeye anahama nao, anabeba godoro na sufuria asubuhi moja chumba kimebaki kitupu. Ukimbana miezi sita kwa mkupuo hutampata, ukimruhusu mwezi kwa mwezi unampata ila uwe na moyo. Luchelele na Malimbe ni hesabu nyingine kabisa, kule kinachobeba soko ni wanafunzi wa SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), wanataka chumba kimoja kisafi chenye umeme na maji, hawataki nyumba nzima ya vyumba vitatu na sebule, na chuo kikifungwa mtaa unakuwa kimya. Ukijenga nyumba ya familia Luchelele ukitegemea wapangaji wa chuo utaikaa mwenyewe. Na watoto ni wengi huko pembezoni, familia changa ndizo zinazokimbilia bei nafuu, kwahiyo nenda kwenye shule ya msingi iliyo karibu uchungulie darasa la kwanza wamekaa wangapi, pale utapata picha ya mtaa kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Turudi kwenye ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna kufanya shughuli ya kudumu ya kibinadamu, na kujenga nyumba ndo shughuli ya kudumu yenyewe. Utaoneshwa majumba yaliyo ndani ya hizo mita, utaambiwa "mbona fulani kajenga", sawa kajenga, lakini siku wakija kuweka alama ya X nyekundu we utasema nini. Chukua tepu au hatua zako ndefu, pima mwenyewe. Na usipime siku maji yamerudi nyuma, kwasababu hili ziwa linapanda na kushuka. 2020 lilipanda likavuka hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia, mashamba na nyumba za mwambao zikaingiliwa na maji. Kwahiyo ukifika kwenye kiwanja achana na dalali kidogo, mtafute mama anayeanika dagaa pale jirani au mzee aliyezaliwa hapo, umsalimie vizuri, umuulize maji ya 2020 yalifika wapi. Atakuonesha kwa kidole. Wengine watakwambia bila kuficha, "baba, hapo uliposimama tulikuwa tunafunga mitumbwi". Ukiona mafunjo, au matete yamekatwa juzijuzi na kifusi kimemwagwa juu, huhitaji hata kumuuliza mtu.

Udongo nao uuangalie. Mwanza ni mawe, sehemu ukichimba futi mbili unakutana na jiwe ambalo halimalizwi kwa nyundo, msingi unakuwa mgumu ila choo cha shimo na karo la maji machafu vinakuwa vita. Ukishuka chini bondeni karibu na ziwa unakuta kinyume chake, udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mipasuko mguu unaingia, masika unavimba, nyumba ya msingi mwepesi inapata nyufa kabla hujapaka rangi. Na maji ya chini yako juu, unachimba choo kinajaa maji kabla hujakitumia. Chimba shimo la majaribio, lipa vijana wawili wachimbe, ni hela ndogo sana ukilinganisha na kujenga msingi wa pili. Ikiwezekana fanya mwezi wa nne mvua zikiwa zimekolea, anayekuuzia kiangazi anakuuzia sura nzuri ya kiwanja.

Kingine kinachoshangaza wageni ni kwamba unaweza kuishi unaliona ziwa kila siku na bado ukanunua maji ya dumu. Bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, halijafika kila mtaa, na lilipofika presha inaweza isipande kwenye mwinuko wako. Usiulize "maji yapo?" maana utajibiwa yapo. Uliza jirani yatoka siku gani na saa ngapi, angalia kama nyumba nyingi zina simtanki, ukiona kila nyumba ina tanki kubwa na ndoo zimepangwa foleni umeshajibiwa. Kuoga na kuchota ziwani ni mazoea ya huko lakini kuna kichocho, konokono wanaoeneza wapo kwenye maji ya pembeni yaliyotulia yenye majani, na watoto ndo wanaopata zaidi kwasababu ndo wanaoshinda humo. Mbu sijui hata kama nahitaji kusema. Na uliza kuhusu mamba, watu wa mwambao wanajua ni upande gani wa kuogopa.

Usafiri nitapita haraka, nenda na daladala siku ya kazi asubuhi, rudi nayo jioni, halafu jaribu kurudi saa nne usiku uone boda anakudai bei gani, zidisha kwa siku za kazi za mwezi. Upande wa Igombe unapitia uwanja wa ndege, kwahiyo mpaka wa uwanja uujue vizuri, na maeneo yoyote ya jeshi au taasisi uyaulize, usikubali jibu la "hapana shida".

Sasa makaratasi, hapa ndipo watu wanapolia. Utasikia "kimepimwa", we omba kuona. Kupimwa ni bikoni chini (zile alama za mipaka zilizosimikwa ardhini), namba ya kiwanja na ramani iliyoidhinishwa, siyo vijana wamepita na kamba na vigingi. Kuna hati, kuna barua ya toleo, kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, na hizi siyo kitu kimoja hata kama zote zina mhuri. Ukiwa na namba ya kiwanja nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, ujue kiko kwa jina la nani na kama kimewekwa rehani benki, halafu uliza kwenye mipango miji ya manispaa hicho kiwanja kimepangiwa matumizi gani, kuna watu wamenunua makazi kumbe ramani inaonesha eneo la wazi au barabara. Ukivuka kwenda Kisesa umeshaingia Magu, Usagara ni Misungwi, ni halmashauri nyingine na ofisi nyingine, na huko unaweza kukuta ardhi bado ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambapo mtu mmoja hawezi kukuuzia kimyakimya bila halmashauri ya kijiji kuhusika.

Muuzaji naye mchunguze. Kama kaoa, mke aje asaini, na aje mwenyewe kwa miguu yake, siyo "mama watoto yuko Ukerewe lakini anajua". Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Kama ni ardhi ya marehemu, unataka kuona karatasi ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na hata ukiiona ongea na ndugu wengine, familia za Kisukuma ni kubwa na kuna mtoto wa mama mwingine yuko Geita mgodini atarudi siku umeshapiga lenta. Asilimia kumi ya serikali ya mtaa utaombwa, dai risiti, wakisema risiti hakuna basi ujue unampa mtu na siyo ofisi.

Kuhusu fursa. Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha, na reli ya SGR ya Mwanza–Isaka inapita Fela. Hivyo vyote viko upande wa Usagara, kusini. Vinapandisha bei ya Usagara na barabara ya kwenda Kigongo, nakubali kabisa, lakini nashangaa dalali wa Kayenze anayeuza kiwanja chake kwa jina la daraja. Kayenze iko upande mwingine kabisa, ukitoka kule mpaka darajani unalikata jiji zima.

Kama bado unasitasita, panga kwanza, chumba na sebule, ukae masika moja. Ukiwa mpangaji kumbuka kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hiyo ni ya mwenye nyumba, mkubaliane kwenye mkataba kabisa namna ya kukurudishia. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, hiyo imezoeleka, ila hela ya kuoneshwa kila nyumba mliyopita nayo ni ya kubishana.

Siku ya kulipa lipa kwa benki, mkataba uandikwe na wakili uliyemtafuta wewe, wale majirani wa mipaka minne wawepo na wasaini, tembeeni wote bikoni kwa bikoni mkiwa na karatasi mkononi na upige picha kila moja. Halafu wiki hiyohiyo peleka tripu ya mawe, panda michongoma au minyaa mpakani, na uache namba yako ya simu kwa yule mama wa dagaa, kwasababu kiwanja cha mwambao kikikaa kitupu miezi miwili mtu mwingine ataoneshwa hichohicho.