SOMO: Kutembea Kraków kwa mfuko mdogo (lipia mlango mmoja tu kwa siku)

Habari za humu, wakuu. Tangu niweke ile picha ya joka linalotema moto, meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: safari ya Kraków ilikugharimu bei gani? Nikaona niandike mara moja, kila mtu asome.

Niko Poland mwaka wa tatu sasa, kimasomo, mji mwingine kabisa. Kraków nimeshakwenda mara tano. Safari ya kwanza hela iliisha siku ya pili, nikamalizia na mikate. Safari ya mwisho nimerudi na chenji, na niliona vingi zaidi. Kilichobadilika ni kwamba nilishaujua mji ulivyo: vizuri vyake viko nje, vinaonekana bure. Kinachokula hela ni milango na viti. Kwa hiyo chagua mlango mmoja wa kulipia kwa siku, basi, na usikalie kiti chochote cha mgahawa kinachotazama uwanja mkuu.

Hatua ya 1: Hela

Poland iko Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro, inatumia zloti. Maduka ya kubadilishia fedha wanayaita *kantor*. Hapa ndipo nilipopigwa. Nilikuta moja kwenye mtaa wenye watalii wengi, limeandika "0%" kubwa mlangoni, nikafurahi kuwa hawana makato. Nikatoa noti ya euro 100. Nilichorudishiwa nilikihesabu mara tatu. Makato kweli hayakuwepo, ila bei yenyewe ilikuwa ya kunyonga.

Tangu siku hiyo nasoma safu mbili za kibao. *Kupno* ni bei wanayonunulia kutoka kwako, *sprzedaż* ni bei wanayokuuzia. Mwenye euro mkononi aangalie *kupno*. Namba hizo mbili zikikaribiana, duka ni la haki. Zikiachana sana, endelea na safari. Na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nchi yako, kataa, chagua zloti. Duka la kwanza uwanja wa ndege lipite kama hulioni.

Hatua ya 2: Kuingia mjini

Kutoka uwanja wa ndege wa Balice kuna treni hadi stesheni kuu, Kraków Główny, kama dakika 20 hivi. Teksi achia wenye mizigo ya harusi.

Tiketi za tramu zinauzwa kwa dakika. Ukishanunua ya karatasi, ichomeke kwenye kile kimashine kidogo ndani ya tramu mpaka igongwe muhuri. Mimi nilikuwa na tiketi mfukoni, safi, haijagongwa, na mkaguzi akanikata faini ileile anayokatwa asiyenunua kabisa. Nilijitetea kwa lugha tatu. Haikusaidia.

Ila ukilala karibu na mji wa kale au mtaa wa Kazimierz, tramu utaipanda mara mbili tatu tu. Kutoka uwanja mkuu hadi kilima cha Wawel ni robo saa ya mguu, tena bila haraka.

Hatua ya 3: Pita njia ya wafalme

Wengi wanaanzia katikati. Usifanye hivyo. Anzia kaskazini, kwenye Barbican, ngome ya duara ya matofali iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 15, ukuta wake una unene wa kama mita 3. Ndivyo wafalme walivyoingia mjini. Ukitoka hapo unapita chini ya Lango la Floriańska, unafuata mtaa wa jina hilohilo, halafu ghafla mbele yako panafunguka Rynek Główny. Ni uwanja wa kama mita 200 kila upande, uliopimwa mwaka 1257, na mpaka leo ni uleule. Katikati kuna Sukiennice, soko refu la wafanyabiashara wa vitambaa. Kupita ndani ni bure, kununua ni hiari yako, na mimi sikushauri.

Sasa simama pembeni ya Kanisa la Mt. Maria ukisubiri saa igonge. Minara yake miwili hailingani, angalia ule mrefu. Kidirisha kinafunguka juu kabisa, tarumbeta inatokeza ikimetameta, kisha wimbo unaanza, na katikati unakatika puu, kama mtu kazibwa mdomo. Ngano inasema mlinzi alikuwa akipiga kuonya kuwa Watatari wanakuja, mshale ukampata kooni. Wimbo unapigwa mara nne, kila mara upande wake wa mji, kila saa, usiku na mchana, na wapigaji ni askari wa zimamoto. Wa saa sita mchana unarushwa na redio ya taifa. Akimaliza mpigaji hupunga mkono, na uwanja mzima unampungia. Mara ya kwanza niliona aibu. Sasa hivi napunga kama mwendawazimu. Bei yake sifuri.

Kama unataka mlango wa kulipia siku hiyo, basi uwe wa kanisa hilohilo, kwa sababu ya altare ya mchongaji Wit Stwosz. Ni ya mbao iliyochongwa, aliianza 1477 akaimaliza 1489. Wajerumani waliiiba wakati wa vita vya pili vya dunia, ikarudi 1946. Milango ya altare yenyewe hufunguliwa saa 5:50 asubuhi, yaani 11:50 kwenye saa zao, basi fika mapema kidogo. Anayekuja kusali ana mlango wake, halipi, ila hafiki mbele. Tafadhali usijifanye unasali ili upige picha. Watu wanaona.

Hatua ya 4: Wawel

Kupanda kilimani na kuingia ua wa ikulu ni bure. Wanachouza ni vyumba vya ndani, makaburi ya wafalme na mnara wa kengele ya Zygmunt ya mwaka 1520. Nje ya mlango wa kanisa kuu tazama juu kushoto: kuna mifupa mikubwa imening'inizwa kwa minyororo. Wenyeji wa zamani walisema ni ya joka. Chini ya kilima, kando ya mto Wisła, ndipo lilipo joka la chuma la kwenye picha yangu. Subiri dakika chache, litatema.

Hatua ya 5: Kula

Tafuta maandishi *bar mleczny*. Tafsiri yake ni baa ya maziwa, lakini usitegemee bia. Ni mama ntilie wa enzi za ujamaa, na serikali bado inachangia gharama za vyakula visivyo na nyama, ndiyo maana bei ni ya chini. Unaagiza dirishani, unapewa risiti, unaitwa, unarudisha sahani mwenyewe. Hakuna wa kukuchekea.

Asubuhi nunua *obwarzanek*, mkate wa pete uliosokotwa wenye ufuta au chumvi, kwenye vile vitoroli vya mtaani. Usiku nenda Plac Nowy, Kazimierz, ule *zapiekanka*: nusu mkate mrefu, uyoga, jibini, umeokwa. Mmoja unashibisha wawili, kama wa pili si mimi.

Hatua ya 6: Siku ya pili, ng'ambo ya mto

Kazimierz ulikuwa mji unaojitegemea, umeanzishwa 1335, na kwa karne nyingi ulikuwa makao ya Wayahudi. Tembea taratibu, kisha vuka daraja la miguu uingie Podgórze. Kwenye Plac Bohaterów Getta utakuta viti vikubwa vya chuma, vitupu, vimetapakaa uwanja mzima. Wayahudi wa ghetto, yaani mtaa waliofungiwa na Wanazi, walikusanywa hapo kabla ya kupelekwa kambini kuuawa. Sina la kuongeza, mtaona wenyewe.

Jioni panda Kopiec Krakusa, kilima cha udongo kilichorundikwa na watu wa kale, urefu mita 16. Hakuna geti, hakuna tiketi, na Kraków yote iko chini yako jua likizama. Beba obwarzanek uliobaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Wawili: Asante kwa somo kaka. Mimi nasali Rozari ya Huruma ya Mungu kila saa tisa. Nimesikia Mt. Faustina alikuwa huko. Ni mbali?

Ni hukohuko, dada yangu. Mtawa huyo alifariki 1938 katika konventi (nyumba ya watawa) ya Łagiewniki, ambayo sasa ni kitongoji cha Kraków, unafika kwa tramu. Kuingia ni bure. Fika kabla ya saa tisa alasiri, usali hapohapo, kwenye kanisa dogo lenye ile picha ya Yesu wa Huruma. Basilika kubwa ya pembeni ilitabarukiwa na Yohane Paulo II mwaka 2002. Naye alikuwa askofu mkuu wa Kraków kabla ya kuwa Papa, kwa hiyo utakutana na sura yake kila kona.

Mtoto wa Pwani: Assalaam alaykum. Sisi tusiokula nguruwe tutaishi?

Wa alaykum salaam. Mtaishi, ila kwa kuuliza. Neno la kukariri ni *wieprzowina*, ndiyo nguruwe. *Pierogi* ni vitu kama sambusa ndogo za kuchemshwa. Zile za *ruskie* zina viazi na jibini ndani, lakini mtego uko juu: wengine wanamwagia vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Sema *bez skwarek*, yaani bila hivyo. Supu ya *żurek* iache, huwa na soseji.

Kibarua wa Berlin: Mkuu, Auschwitz unaingiaje bila kulipa kampuni za watalii?

Kwa wasiojua, ni kambi ya mauaji ya Wanazi, sasa makumbusho. Kuingia ni bure, lakini lazima uweke nafasi kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kwa jina lako, mapema, na uende na kitambulisho. Cha kulipia ni mwongozaji. Kuna basi na treni za kwenda Oświęcim, mji ilipo kambi hiyo. Siku hiyo usipange kitu kingine. Nilipanga, nikashindwa.

Nyani Mzee: Ngozi yetu je? Usitufiche.

Sifichi. Utatazamwa, hasa kwenye tramu na wazee. Zaidi ya kutazamwa, kwa upande wangu Kraków sijapata. Kuna mama mmoja kwenye bar mleczny aliposikia natoka Arusha alisema "Tengeru!" kabla sijamaliza sentensi. Wakimbizi wa Kipoland waliishi Tengeru, jirani na Arusha, wakati wa vita vya pili, na makaburi yao yapo hadi leo. Akaniongezea pierogi mbili.

Shangazi wa Muscat: Mwanangu, hujasema vyoo. Mimi nina sukari, siwezi kuzunguka bila kujua.

Samahani shangazi, hilo lilitakiwa liwe hatua ya kwanza. Vyoo vya mjini vingi ni vya kulipia, tembea na sarafu. Na mlangoni mara nyingi hakuna maandishi wala picha ya mtu, kuna alama tu. Duara ni wanawake, pembetatu ni wanaume. Mimi nilijua hilo nikiwa nimeshaingia, na kina mama watatu wananitazama.